Buibui Wenye Sumu Majumbani: Ufagio Kwanza, Sumu Mwisho



Sifa zote njema zinamstahikia Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, wenye miguu miwili na wenye miguu minane. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, hapa kwetu pwani neno buibui lina maana mbili. Kuna buibui vazi la stara la mama na dada zetu, na kuna buibui mdudu anayetanda utando kwenye pembe za nyumba. Makala hii inamhusu huyu wa pili. Hata hivyo usimsahau wa kwanza, kwa sababu buibui mdudu anaweza kujificha vizuri sana ndani ya buibui vazi lililotundikwa msumarini wiki nzima bila kuvaliwa.

Kila ifikapo masika, na tena wakati wa vuli, mitaani kwetu huzuka mazungumzo yale yale: fulani kaumwa na buibui, fulani kakojolewa na buibui. Na kila yakizuka, shauri linalotolewa ni moja tu, nalo ni kununua sumu na kupuliza nyumba nzima. Maoni yangu ni kwamba tunaanzia mwisho. Buibui mwenye sumu hutolewa nyumbani kwa ufagio, kwa kukung'uta na kwa kuziba mianya. Kazi hiyo ni yetu sisi vijana, na dini yetu imetufundisha sehemu kubwa ya kazi hiyo tangu zamani. Sumu ya dukani iwe ya mwisho, na mara nyingi utakuta haihitajiki kabisa.

Je, buibui wote wana sumu?

Jibu ni kwamba karibu wote wanayo, lakini walio wengi mno hawawezi kumdhuru binadamu. Mwaka 2022 idadi ya aina za buibui zilizoorodheshwa na wataalamu duniani ilipita 50,000. Kati ya hizo ni chache sana zenye meno ya kupenya ngozi yetu na sumu ya kutuumiza. Sumu yao wamepewa kwa ajili ya nzi, mende na mbu, na hawakupewa kwa ajili yetu.

Yule buibui mkubwa, bapa, mwenye miguu mirefu, anayekimbia ukutani usiku taa inapowashwa, anatisha kwa umbo tu. Kazi yake ni kuwinda mende. Ukimbana atauma na utapata maumivu, lakini si buibui wa kukimbiziwa hospitali. Wale wadogo wanaorukaruka dirishani ni marafiki kabisa. Kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, yupo buibui mrukaji ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulionesha kwamba hupendelea kula mbu jike aliyekwisha kunywa damu, wakiwemo mbu wa malaria. Huyo wa ziwani hayuko Dar es Salaam, lakini ndugu zake walioko kwenye kuta zetu nao wanakula nzi na mbu. Katika jiji lililopata milipuko ya homa ya dengi mwaka 2014 na 2019, anayetusaidia kupunguza mbu tusimwite adui.

Wa kumtambua na kumwogopa kwa kiasi ni wawili. Wa kwanza ni buibui wa kahawia ambaye wanasayansi humwita Latrodectus geometricus. Mwili wake ni mdogo, kama punje ya harage. Rangi yake ni kahawia hafifu mpaka karibu nyeusi, na miguu yake ina mistari. Ukimgeuza utaona chini ya tumbo alama nyekundu au ya rangi ya chungwa, kama pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Utando wake hauna mpangilio, lakini nyuzi zake ni ngumu kuliko za kawaida. Alama iliyo rahisi zaidi ni kifuko cha mayai: ni kiduara chenye rangi ya krimu, na kimejaa vichomozo vidogo kila upande kama mbigili. Kifuko kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya mia moja. Ukikiona chini ya kiti cha plastiki, ujue mwenye nyumba yupo karibu.

Wa pili ni yule mkubwa mwenye manyoya, wa rangi ya chungwa au kahawia, anayeishi ardhini kwenye shimo lenye utando. Jina lake la kitaalamu ni Pterinochilus murinus, na wafugaji wa buibui wa Ulaya na Marekani wanamfahamu kwa jina la Usambara, milima yetu ya Tanga. Haingii ndani mara kwa mara. Hukutana na watu wanapofyeka kiwanja au kuchimba msingi. Ukimsumbua hunyanyua miguu ya mbele na kuuma kwa nguvu, na maumivu yake ni makali.

Kwa nini vitongoji vyetu?

Sensa ya mwaka 2002 ilikuta watu wapatao milioni 2.5 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta watu wapatao milioni 5.4. Watu hao hawakuongezeka Kariakoo peke yake. Wamejenga Bunju, Boko na Mabwepande upande wa Kinondoni, na Mbagala, Chamazi na Toangoma upande wa Temeke, mahali palipokuwa na mikorosho, minazi na vichaka. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 hata familia zilizotolewa mabondeni mjini zilipelekwa Mabwepande kuanza maisha mapya. Kwa hiyo si buibui aliyetufuata sisi. Mara nyingi sisi ndio tuliomfuata yeye.

Tena angalia tunavyojenga. Tunajenga kidogo kidogo kadiri riziki inavyopatikana. Tunahamia nyumba haijapigwa plasta, mlango wa uani ni bati, na juu kati ya ukuta na paa kuna uwazi. Uani tunaweka tofali zilizobaki, mbao, mabati, matairi na ndoo zilizopasuka, tukisema zitafaa siku moja. Lundo hilo hukaa mwaka, miaka miwili, bila kuguswa. Kwa buibui wa kahawia hilo ni kasri: pana giza, pakavu, hapana wa kumsumbua, na wadudu wa kula hawakosekani. Siku baba anapopata saruji, mtoto anatumwa, "Kalete tofali," naye anapeleka mkono asikokuona. Hapo ndipo watu huumwa. Buibui huyu ni mwoga, huuma anapobanwa.

Buibui wa pangoni

Wapo wanaosema, "Buibui haguswi, kwa sababu alimficha Mtume." Kisa kinachokusudiwa ni cha Hijra ya mwaka 622, Mtume (S.A.W.) alipojificha pamoja na Sayyidna Abubakar (R.A.) katika pango la Thaur. Pango hilo limetajwa katika Qur-ani, Sura ya 9, lakini buibui hakutajwa hapo. Habari ya utando mlangoni mwa pango imekuja katika mapokezi ambayo wanazuoni wa hadithi wametofautiana juu ya nguvu yake. Sura ya 29 ndiyo yenye jina la buibui, nayo imetumia nyumba yake kuwa mfano wa kitu dhaifu kabisa cha kutegemewa.

Mimi siwakatazi watu kukipenda kisa hicho. Lakini hata anayekikubali, hakipati ndani yake amri ya kuacha utando uning'inie juu ya msahafu. Mapenzi kwa Mtume (S.A.W.) yanaonekana katika kufuata mwenendo wake, na mwenendo wake kuhusu wadudu wa madhara uko wazi. Ameruhusu nge na nyoka kuuawa hata mtu akiwa ndani ya sala, na nge ni miongoni mwa viumbe watano wa madhara aliowaruhusu wauawe hata ndani ya eneo takatifu la Makka. Wanazuoni wakachukua humo kanuni kwamba kinachodhuru huondolewa. Buibui mwenye sumu aliyeweka makazi chini ya kitanda cha mtoto anaingia katika kanuni hiyo.

Lakini kuondoa madhara kuna adabu zake. Mtume (S.A.W.) amekataza kuadhibu kiumbe kwa moto. Kwa hiyo mchezo wa vijana wa kuwasha karatasi na kumchoma buibui ukutani haufai kidini, na pia ni njia ya haraka ya kuunguza nyumba. Na asiyekudhuru, yule mrukaji wa dirishani, huna sababu ya kumuua.

Sunna ya kukung'uta

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Huraira (R.A.), iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) ametuelekeza kwamba mtu anapokwenda kulala akung'ute tandiko lake, na akaeleza sababu: mtu hajui ni kitu gani kilichoingia hapo baada ya yeye kuondoka. Tumezoea kuisoma hadithi hii kwa ajili ya dua inayofuatia. Dua tumeihifadhi, kukung'uta tumekuacha. Naam, mtoto wa darasa la kwanza anaisoma dua ya kulala bila kukosea, kisha anajitupa kitandani kwenye shuka ambalo halijaguswa tangu asubuhi.

Hekima hiyo tuitumie kwa vitu vyetu vyote vinavyokaa gizani. Kiatu kilicholala kibarazani kigongwe chini kabla ya kuvaliwa. Kanzu, buibui na koti la mvua vikung'utwe. Kofia ya bodaboda ichunguliwe ndani. Begi la shule lisiachwe wazi sakafuni. Mkeka na jamvi vilivyokunjwa pembeni tangu wiki iliyopita vifunguliwe nje, vipigwe, ndipo viingizwe ndani. Kazi zote hizi hazigharimu hata shilingi.

Usiku, tulale ndani ya chandarua na tukichomeke chini ya godoro pande zote, na kitanda kisiguse ukuta. Wengi tunadhani chandarua ni cha mbu tu. Utafiti uliofanywa Nepal na kuchapishwa mwaka 2007 ulionesha kwamba kulala ndani ya chandarua kunawakinga watu hata na nyoka wanaouma usiku. Kinachomzuia nyoka kinamzuia na buibui.

Ndani ya nyumba, ufagio mrefu upite kwenye pembe, nyuma ya kabati, chini ya vitanda na viti, angalau mara moja kwa wiki. Ukikuta kifuko cha mayai kikanyage kwa kiatu, kwa sababu ukifagia utando ukaacha mayai umeahirisha kazi. Mianya chini ya milango na kwenye nyufa izibwe, na matundu ya hewa yawekwe wavu. Nje, lundo la tofali na mbao liwe mbali na ukuta wa nyumba, na anayeligusa atangulize kijiti au avae glavu. Taa ya nje inayowaka mlangoni usiku kucha inavuta wadudu, na wadudu wanamvuta buibui. Izimwe isipohitajika, au isogezwe mbali na mlango.

Sumu ya chupa ya soda

Sasa nije kwenye jambo linaloniogopesha kuliko buibui mwenyewe. Wachuuzi wanapita mitaani na spika wakiuza dawa ya mende, kunguni, panya na kila mdudu. Nyingine inauzwa imepimwa kwenye chupa ya maji au ya soda, haina lebo, haina maelezo, na muuzaji ukimrudia kesho humpati. Chupa hiyo inawekwa chini ya meza ya jikoni, mahali pale pale anapofika mtoto wa miaka miwili. Ndugu zangu, mtoto huyo hana habari ya sumu. Anachokijua yeye ni soda.

Kwa buibui, sumu ya kupuliza ina udhaifu mwingine. Mende hutambaa tumbo likiwa karibu na sakafu, halafu hujisafisha miguu kwa mdomo, hivyo huimeza sumu. Buibui husimama juu ya ncha za miguu, na mwingi wa muda wake anakaa juu ya utando na wala hakanyagi ukuta uliopulizwa. Matokeo yake ni kwamba sumu inabaki kwenye ukuta anaoushika mtoto, na buibui anabaki kwenye utando wake. Ufagio unamwondoa yeye, utando na mayai kwa mara moja.

Ikilazimika kutumia kiuatilifu, kinunuliwe dukani kikiwa kwenye chombo chake chenye lebo, kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Maelezo yasomwe, vyakula na vyombo vifunikwe, watoto watolewe nje, na kilichobaki kifungiwe juu. Sisi tunaojua kusoma ndio tuwasomee wazazi wetu lebo hizo.

Wengine watasema, "Mbona hatujasikia mtu kafa kwa buibui mtaani? Unatutisha bure." Ni kweli kwamba vifo ni nadra sana. Mwaka 1993 daktari G. J. Müller wa Afrika Kusini alichapisha taarifa ya wagonjwa 45 walioumwa na buibui wa ukoo huu. Walioumwa na yule mweusi wa huko ndio walioumia sana, na wa kahawia, ambaye ndiye wa kwetu, madhara yake yalikuwa mepesi zaidi, hasa maumivu pale alipouma. Mimi nawakubalia kabisa, na hiyo ndiyo hoja yangu. Kama hatari yenyewe ni ya kiasi hicho, ni busara gani kuleta ndani ya nyumba hatari kubwa zaidi kwa ajili ya kuiondoa?

Akikuuma

Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, tulia. Usikate kwa wembe, usinyonye, usifunge kwa kamba, usipake mafuta ya taa. Kama buibui ameuawa, mchukue kwenye kichupa umwoneshe mganga. Nenda kituo cha afya bila kuchelewa ikiwa maumivu yanapanda, misuli inakaza, tumbo linakuwa gumu, jasho linatoka kwa wingi, au aliyeumwa ni mtoto mdogo, mzee au mama mjamzito.

Na kisomo? Tunajua kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kisa cha mkuu wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu akasomewa Suratul Faatiha akapona, na Mtume (S.A.W.) akalikubali jambo hilo. Basi asomewe. Lakini Mtume huyo huyo ametuhimiza tutafute tiba. Faatiha inasomeka hata ndani ya bajaji mkielekea zahanati.

Tahadhari moja zaidi. Si kila kidonda ni cha buibui. Lile lengelenge linaloitwa mkojo wa buibui mara nyingi linatokana na mdudu mwembamba wa rangi nyeusi na nyekundu anayezidi wakati wa mvua. Haumi wala hakojoi. Akipondwa juu ya ngozi, maji ya mwili wake yanaunguza. Mpeperushe, usimponde, kisha uoshe kwa sabuni. Na vidonda vingine ni majipu ya kawaida yaliyoingiwa na vijidudu. Rick Vetter, mtafiti wa California, ameandika kwa miaka mingi jinsi vidonda vya maradhi mengine vinavyosingiziwa buibui huko Marekani. Hatari ya kusingizia ni kwamba ugonjwa wenyewe hautibiwi.

Kazi ya nani?

Nyumba nyingi za mitaani kwetu ni za kupanga. Kila mpangaji anafagia chumba chake hadi kizingitini, na hapo ufagio unasimama. Korido, uani, choo na stoo havina mwenyewe, na buibui anahamia huko huko kusiko na mwenyewe. Hali ni hiyo hiyo madrasani. Kila mmoja anaketi juu ya jamvi, lakini nani anayelikung'uta? Kila mmoja anaacha viatu mlangoni, lakini nani anayefagia nyuma ya rafu ya viatu? Mara nyingi wanaitwa dada zetu, na sisi wavulana tunasimama na misahafu mkononi kama kwamba ufagio ni haramu kwetu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake. Aliye bora kuliko sisi hakuona aibu ya kazi za nyumbani.

Napendekeza kwa walimu wetu watukufu na kwa wanafunzi wenzangu mambo matatu. Kwanza, kila Alhamisi kabla ya kufunga masomo, majamvi yote yatolewe nje, na ufagio upite kila pembe kwa zamu ya wavulana na wasichana. Pili, kila mwanafunzi achukue sehemu moja ya nyumbani kwao isiyo na mwenyewe, awe yeye mwenyewe wake. Tatu, mwalimu anaposomesha dua ya kulala, asikilize dua na aone mkono ukikung'uta shuka, ndipo aandike kwamba mtoto amehifadhi.

Twamuomba Allah (S.W.) azilinde nyumba zetu na watoto wetu na kila chenye sumu, kiwe kinatambaa ukutani au kiko ndani ya chupa. Amin.

Wabillahi tawfiq.